Unasikia Nini?

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa mbele, Kinyozi aliloweka taulo kwenye karai, akazikamua, akamfunga mdogo wake kichwani moja baada ya nyingine. Taulo ilikaa pale kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe, ikaanza kutoa mvuke, akaitoa, akaikunja na kuitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Umeme ukatike usikatike, mteja wake hakuguswa na wembe kabla ya kuwekewa taulo ya moto usoni. Vinyozi wengine wa mtaa ule walihangaika na mabirika.

Wateja walimwita huyo mdogo mtu Pasi, na jina halikumuudhi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa maneno machache, anayekaa kwenye stuli karibu na kioo cha mwisho. Kioo hicho kilikuwa na ukungu mbele yake hata wakati wa kiangazi. Kazi yake nyingine ilikuwa kufagia nywele, na alizifagia mpaka pembeni kabisa, chini ya viti, mahali ambapo Kinyozi mwenyewe asingehangaika napo.

Usumbufu ulikuwa mmoja tu. Taulo zilizotoka kichwani mwa Pasi zilibaki na maneno. Mteja akishafunikwa uso, ametulia zake na macho kayafumba, alisikia sauti ya mzee ikisema hafai, hafai, mwambieni aondoke, na nyuma ya mzee sauti ya mwanamke ikicheka.

"Fundi," alisema siku moja mwalimu mstaafu, mteja wa kila Jumamosi, akiwa bado amefunikwa. "Taulo yako inanitukana."

"Samahani, mwalimu. Haikutukani wewe, inamtukana mdogo wangu. Ngoja nikugeuzie upande wa pili."

Akaigeuza. Mwalimu akasikiliza kidogo.

"Huku kuna mwanamke."

"Huyo hana neno, anacheka tu."

"Basi niachie hukuhuku."

Habari za sauti hizo zilijulikana mtaa mzima. Mama yao alipokuwa na mimba ya Pasi alishikwa na mafua makali, yakamlaza kitandani mpaka majirani wakawa wanampikia uji. Mtoto alizaliwa salama, mzuri, ila wa moto kidogo. Mkunga alimpokea, akamhamisha mkono huu kwenda mkono ule, akasema huyu hatahitaji blanketi. Alipoanza kutembea, sikio lake la kulia likaanza kutoa usaha. Likakauka, likatoa tena, na utoto wake wote ukaisha na kipande cha pamba sikioni. Kisha, ndiyo kwanza amemaliza shule, akapatwa na homa kubwa, na nyuma ya sikio lilelile kukaota uvimbe kama yai la njiwa. Homa ilikaa kama mgeni asiye na haraka, halafu asubuhi moja ikafungasha ikaondoka. Wapangaji wake wakabaki.

Ukiweka sikio lako nyuma ya sikio la Pasi uliwasikia. Mzee alikuwa akiita majina kama mwalimu wa zamu. Kila jina lililoitwa lilikuwa la Pasi, na kila Pasi alipoitika aliambiwa amechelewa. Majirani walikuja kusikiliza, wakakuta ni watu wasio na adabu, wakaacha kuja. "Wamekosa malezi hao," alisema jirani wa ukuta mmoja, akaenda zake kuanua nguo.

Ungedhani kwamba kwa kuwa kila mtu aliwasikia, Pasi angepata ahueni. Wapi! Mtu mwingine aliwasikia kwa kupenda, akishachoka anaondoa sikio lake anakwenda. Yeye aliwasikia akioga, akivaa viatu, akilala. Kinyozi alipomkuta asubuhi ameketi ukingoni mwa kitanda akijibu "nipo, nipo, nipo" kwa sauti ndogo, alijikaza kisabuni, akamwambia twende kazini, lakini moyo ulimuuma na hakuweza kunywa chai yake.

Mwaka mmoja mzee akaingilia suala la chakula. Sahani ikiwekwa mezani, alisema, "Hicho si chako, kiache." Pasi alikuwa amelelewa vizuri, asiguse kisicho chake, kwa hiyo alikuwa akiisukuma sahani taratibu katikati ya meza. Suruali zikaanza kumvuka. Shingo ikawa nyembamba, na kichwa kikazidi kuwa cha moto. Taulo sasa ziliiva upesi kuliko zamani na wateja wakasifu huduma. Kinyozi aliwashukuru shingo upande. Alipomtazama mdogo wake kupitia kioo, aliona mifupa ya mabega ikijichora kwenye shati, na akajua kwamba mambo yakiendelea hivi atamzika. Alitaka kitu kimoja: mtu mmoja amwangalie Pasi mzima mzima, sikio na sauti kwa pamoja, kabla hajaisha.

Wakaenda hospitali.

Hospitali ilikuwa jengo moja lenye milango miwili. Juu ya mlango wa kushoto paliandikwa MWILI, juu ya ule wa kulia AKILI, kwa rangi ileile ya bluu. Kati ya milango palikuwa na ukuta mtupu na benchi refu la mbao. Askari wa getini aliwasimamisha.

"Mwili au akili?"

"Kichwa," alisema Kinyozi.

Askari alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Kichwa kiko pande zote mbili, kaka. Chake kinasumbua nje au ndani?"

"Sikio, pamoja na wanaoongea humo."

"Anzeni na mwili basi. Foleni ya mwili inakwenda."

Muuguzi wa dirisha la kushoto aliuliza kama alivyouliza kila mgonjwa, bila kuinua macho.

"Unasikia nini?"

"Nasikia homa," alisema Pasi.

"Tangu lini?"

"Tangu nimalize shule."

"Unaisikia wapi?"

"Nyuma ya sikio. Asubuhi inaita majina."

Kalamu ikasimama. "Inaita majina?"

"Jina. Ni langu tu."

Muuguzi alikuwa mtu wa kutimiza wajibu, kwa hiyo alimweka Pasi kipimajoto kwapani. Zebaki ikapanda mpaka mwisho wa njia yake, ikagonga kioo, ikabaki pale ikitetemeka. Akakikung'uta kile kipimajoto, akakifuta kwa spiriti na kukirudisha kwenye kopo. "Mlango wa kulia," alisema kwa upole. "Sisi hapa hatusikilizi."

Kwenye mlango wa kulia dirisha lilikuwa vilevile, kiti vilevile, na muuguzi mwingine.

"Unasikia nini?"

Pasi alikuwa ameshajifunza. "Nasikia maumivu," alisema. "Sikio linauma na linatoa usaha."

"Sauti je, unasikia?"

"Kidogo."

"Muongo huyu," ilisema sauti ya mzee kutoka nyuma ya sikio. "Hafai."

Muuguzi aliinama karibu, akatikisa kichwa. "Nimemsikia. Pole sana, mdogo wangu. Lakini usaha si wetu. Tukiingiza usaha wodini tutaambukizana hapa mpaka na mimi nilazwe. Kauka kwanza, halafu urudi. Mlango wa kushoto."

Huwezi kusema kosa lilikuwa la nani. Mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu, husikia jirani akikohoa, na neno ni moja. Madirisha mawili yaliuliza neno hilo moja, kila dirisha kwa maana yake, na Pasi akajibu kweli tupu pande zote. Wakapigwa danadana mpaka jua likasimama utosini. Mwisho wakaketi kwenye benchi kwa sababu miguu ilikuwa imekataa.

Kesho yake wakarudi, na kesho kutwa. Kinyozi alijaribu kila njia aliyoijua. Alimfundisha Pasi kusema "nahisi" badala ya "nasikia". Pasi akasema nahisi homa inaniita jina, wakaonyeshwa mlango wa kulia. Akamfundisha kunyamaza kabisa, mzee akajibu kwa niaba yake.

Siku moja akaja kuketi nao daktari, mwanamke wa makamo, wa mlango wa kulia. Alikuwa na mazoea ya kunywa chai yake kwenye benchi kwa kuwa chumba chake hakikuwa na dirisha. Akapuliza kikombe.

"Huyu hajalala," ilisema sauti ya mzee.

"Ni kweli sijalala," alisema daktari. "Nilikuwa zamu. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, daktari," alisema Kinyozi. "Ni homa ya mdogo wangu."

"Marahaba. Naomba niisikilize."

Akaweka kikombe chini, akavaa mipira yake ya kusikilizia vifua, akaipachika nyuma ya sikio la Pasi. Alisikiliza muda mrefu na kwa heshima, kama msuluhishi aliyeitwa kwenye ugomvi wa ndugu. Akamuuliza mzee amekaa humo tangu lini, mzee akasema tangu kabla ya kuzaliwa mwenye kichwa. Akamuuliza mwanamke anacheka nini. Mwanamke akanyamaza. Pasi akashusha mabega, maana ilikuwa mara ya kwanza kumnyamazia mchana.

"Hao nimewasikia," daktari akamwambia Pasi, akivua mipira. "Na wewe? Wewe mwenyewe unasemaje?"

Pasi hakuwa amezoea kuulizwa. Akatazama viatu vyake.

"Nimechoka," alisema. "Na nina njaa."

Kinyozi akageukia ukutani, akajifanya anasoma tangazo.

Daktari aliwaeleza pale pale kwenye benchi. Alisema mwili una askari wake. Wadudu wakiingia, askari huwasha moto kuwafukuza, na ndiyo maana mtu anapata homa, anavimba, jicho linakuwa jekundu. Kwa watu walio wengi vita vikiisha moto huzimwa, askari huenda zao nyumbani. "Huyu wake, naona hawakuambiwa kwamba vita viliisha. Wameanzia sikioni, wamepanda juu, na huko juu wanalinda wasichokijua."

"Kwa hiyo sauti ni moto?"

"Sikwambii hivyo. Watu wengi wanaugua mafua, wanaugua masikio, na hawasikii chochote. Na wengi wanaosikia sauti hawana homa hata chembe. Wanaochunguza mambo haya bado wanabishana, na mimi sitakudanganya kwamba najua. Ila kwa mdogo wako hivi viwili vimekaa chumba kimoja. Vitibiwe pamoja."

Siku iliyofuata mama yao aliwafuata hospitali na chakula. Alimwamkua daktari ingawa alimzidi umri, kisha akauliza jambo lililokuwa limemkaa kooni miaka yote hiyo.

"Mwanangu, ni yale mafua yangu?"

"Mama, labda yalichangia, labda hayakuchangia kitu. Mafua hayapigi hodi. Hukufanya kosa lolote."

Mama akatikisa kichwa. Hakuridhika. Alikuwa amejihukumu zamani na hakuona sababu ya kujiachilia kwa maneno ya siku moja. Ndipo Pasi akasema, kwa nguvu ili amshinde mzee aliyekuwa akiita majina: "Mama, uliumwa tu." Mama akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaanza kufungua bakuli.

Ndani ya jengo hapakuwa na mlango wa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Dawa za sauti daktari aliziandika mwenyewe. Dawa za sikio alizipokea kwa rafiki yake wa upande wa kushoto kupitia dirisha la choo, ambalo lilitazamana na dirisha la choo cha upande wa pili. Akazileta kwenye benchi mfukoni mwa koti.

Dawa zikafanya kazi, zote mbili, kwa mwendo mmoja. Usaha ukapungua. Mzee akaanza kuita majina kwa kunong'ona, akirukaruka, kama aliyesahau miwani. Taulo zikatoka kichwani vuguvugu, halafu za baridi, na mwalimu mstaafu akalalamika kwamba huduma imeshuka. Kinyozi akanunua birika. Hajawahi mtu kuchemsha maji kwa furaha namna ile. Jioni moja Pasi alimaliza sahani yake, akaikomba, akauliza kama kuna nyingine. Mama akaenda nyuma ya nyumba akalia mpaka akashikwa na kwikwi, kisha akarudi akampakulia.

Lakini mfupa wa nyuma ya sikio ulikuwa umeoza na ulitaka kukwanguliwa. Hilo halipitishwi dirisha la choo. Wapasuaji wa mlango wa kushoto walisema hawawezi kumtia nusukaputi mtu wa akili mpaka wenzao wathibitishe kwamba ametulia. Wakubwa wa mlango wa kulia walisema hawawezi kuthibitisha kwamba ametulia wakati bado ana homa. Aondolewe homa kwanza. Daktari alibishana katika ofisi zote mbili, akitoka nje na kuzunguka kila mara, mpaka wenzake wakambandika jina la Kuzunguka. Wenzake hao walimpenda na walimwonea huruma. Mmoja wao ndiye aliyetoa taarifa kuhusu dirisha la choo, likapigwa misumari.

Dawa za sikio zikaisha. Kioo cha mwisho kikarudi kuwa na ukungu.

Kinyozi hakukata tamaa, au alikata na hakumwambia mtu. Aliendelea kumpeleka Pasi kila siku, akawa hafungui duka, mpaka wateja wakaanza kumfuata hospitali. Akaleta stuli, kioo cha mkononi na karai, akawa ananyoa palepale ukutani. Benchi nalo lilikuwa limejaa. Alikuwepo mwanamke aliyeanza kusikia sauti baada ya homa ya uzazi, na mwanawe mchanga mgongoni aliyelala vizuri kwa lile joto. Alikuwepo dereva wa lori mwenye jipu mgongoni. Jipu lake lilimwita kwa jina la babu yake na kumwonya kuhusu magurudumu. Madirisha yote mawili yalikuwa yamewauliza wanasikia nini, nao walikuwa wamejibu.

"Wewe wako anasemaje?" dereva alimuuliza Pasi.

"Anasema nimechelewa."

"Wangu anasema nimewahi mno," alisema dereva, na wote wawili wakacheka. Kinyozi akasimamisha wembe hewani. Alikuwa amesahau mlio wa kicheko cha mdogo wake.

Msongamano ule ukawafikia wakuu. Mkurugenzi wa hospitali alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mwenye huruma, na huruma yake haikuwa ya kuigiza. Aliketi kwenye benchi, akaomba kuinamishiwa kichwa kimoja baada ya kingine, akasikiliza. Alipofika kwa Pasi alisikiliza mpaka machozi yakamtoka.

"Watu hawa wanakaa juani," alisema. "Hili halivumiliki."

Baada ya siku chache wakaja mafundi. Wakajenga paa imara la mabati juu ya benchi, kutoka mlango hadi mlango, wakalitia mifereji ya maji. Wakalirefusha benchi. Mchoraji akapanda ngazi na kopo la rangi ya bluu, akaandika ukutani BENCHI, kwa herufi zinazolingana na zile za kushoto na za kulia. Siku ya ufunguzi palikuwa na utepe, na Pasi, kwa kuwa ndiye wa zamani zaidi, aliitwa wa kwanza. Aliitika. Akapewa kadi yenye muhuri, akapeana mkono na mkurugenzi, ambaye aliurudisha mkono wake upesi kidogo kwa sababu ya joto. Kisha akaelekezwa mahali pake pa kuketi, palepale alipokuwa ameketi. Watu wakapiga makofi. Daktari alikuwa amesimama nyuma na kikombe chake, na chai ikampoa mkononi.

Siku hizi askari wa getini ana maneno matatu. "Mwili, akili, au benchi?" anauliza, na watu wanajua wajibu nini. Wanaojibu benchi hawasumbuliwi na dirisha lolote.

Jioni ya siku ile ya ufunguzi Kinyozi alimfikisha Pasi nyumbani kwa kumshika kiuno, maana suruali na magoti vilikuwa havisaidii tena. Akamketisha mezani. Mama akapakua, akasubiri, asile.

"Wamemtibu?" aliuliza.

"Wametuwekea paa, mama."

Mama alifikiri juu ya hilo.

"Linavuja?"

"Halivuji."

"Afadhali," alisema mama. Pasi alikuwa ameisukuma sahani katikati ya meza, akijibu kwa sauti ndogo kwamba yupo. Mama akaisogeza tena karibu yake, akaiacha kidogo, halafu akaifunika kwa sahani nyingine, ikiwa bado imejaa.